Tunataka kukata eka ya babu ploti: maji ya mvua na ya choo tuyapeleke wapi?

#1 Mjukuu_wa_Eka

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Tuna eka tatu za marehemu babu upande wa Mwera, Unguja, zile za kugaiwa baada ya Mapinduzi. Nusu ya juu ni kinongo, udongo unaonyonya maji, ina minazi na miembe iliyozeeka. Nusu ya chini ni kinamo, udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji, bibi alikuwa akilima mpunga mpaka miguu ikamshinda. Mji umeshatufikia. Kushoto nyumba, kulia nyumba, na wakubwa wamekaa kikao wakakubaliana tukate ploti.

Dalali katuletea mchoro kwenye karatasi ya daftari: ploti 30, kila moja mita 15 kwa 20, na vinjia vya mita tatu katikati. Nikamuuliza maji ya mvua yatapita wapi, akanambia maji yana akili, yatajitafutia. Nikamuuliza vyoo, akanambia kila mnunuzi atachimba karo lake, hilo si letu.

Mimi si mtaalamu, ila nimekulia pale na bonde lile masika nalijua. Kabla hatujauza hata ploti moja, tunatakiwa tuwe na nini? Na kweli hilo la vyoo si letu?

#2 pweza_wa_mchana

Dalali kasema kweli, maji yana akili. Kila aliyewahi kuzimikiwa na gari Mwanakwerekwe masika anajua yalivyoitafuta barabara yakaipata 😂

#3 mama_wa_bondeni

Mjukuu, mimi ndiye huyo atakayekuwa chini yako, nikusimulie.

Nyumba yetu tulipojenga, juu yake kulikuwa na shamba la muhogo. Mvua inanyesha, maji yananywewa, yanayobaki yanapita pembeni kimyakimya. Shamba likakatwa ploti, watu wakajenga, kila mmoja kazungusha ukuta na kamwaga zege uani asichafuke miguu. Sasa mvua ya nusu saa tu, maji yanaingia kwangu kwa mlango wa jikoni na kutokea ukumbini. Na si maji ya mvua peke yake. Kuna mmoja kule juu karo lake likijaa anangoja linyeshe, anatoa kizibo, anaachia yaende na mvua. Unajua kwa harufu. Asubuhi watoto wanatoka na viatu vya skuli mkononi wanapita humohumo.

Nimekwenda kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, sheha kaja, kaona, kasikitika. Atafanya nini? Zile nyumba zimeshajengwa. Huwezi kumwambia mtu avunje ukuta wake upitishe maji.

Kwa hiyo umeuliza wakati mzuri. Wa kwangu hakuna aliyeuliza.

#4 LevoYaMpira

Wa alaykum salaam Mjukuu. Nimefanya kazi ya mabomba na mitaro miaka mingi, nitajibu kwa urefu. Uchovu ukikushika soma kesho.

La kwanza, la karatasi. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na eka tatu hazikatwi ploti kwa kikao cha familia. Anza Kamisheni ya Ardhi, halafu watu wa Mipango Miji na Vijiji. Mchoro wa ploti upite kwao kabla ya bikoni (jiwe la mpaka) hata moja kuingia ardhini. Pia waulizeni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, kama ukubwa wa kazi yenu unahitaji tathmini ya mazingira chini ya Sheria namba 3 ya 2015. Msidhani ni kwa hoteli tu. Najua watu wanaona huko ni kupoteza miezi. Lakini pale ndipo mtu mwenye ramani ya miinuko atakwambia ploti yako namba 17 iko katikati ya njia ya maji.

La pili ndilo kubwa. Una maji ya namna mbili na hayatakiwi kukutana popote: maji ya mvua, na maji machafu ya choo, jikoni na bafuni. Ukiyachanganya umeharibu yote mawili. Maji ya paa yakiingizwa kwenye bomba la choo, siku ya mvua bomba linazidiwa na kinyesi kinapanda kwenye chemba ya jirani wa chini. Maji ya choo yakiingizwa mtaroni, ndiyo hayo ya Mama wa Bondeni. Mji Mkongwe mabomba yake ni ya enzi za Waingereza na mpaka leo kuna yanayomwaga baharini bila kusafishwa. Wale walirithi, na kufukua mji wa urithi wa dunia si kazi ya mchezo. Wewe unaanza na shamba tupu.

Sasa hesabu, nitakupa ya mkononi. Ukubwa wa maji yanayokimbia = sehemu ya mvua isiyonywewa × nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa × hekta, gawanya kwa 360, unapata mita za ujazo kwa sekunde.

Eka zako tatu ni kama hekta 1.2. Chukulia mvua nzito ya milimita 80 kwa saa. (Nimeichagua kwa mfano, wa mipango watakupa ya kwao.) Shamba lenye minazi na majani linaachia kama 0.2 ya mvua. Likishajaa mabati, zege na njia zilizoshindiliwa, weka 0.65.

Leo: 0.2 × 80 × 1.2 ÷ 360, ni kama lita 53 kwa sekunde.
Baada ya ploti 30: 0.65 × 80 × 1.2 ÷ 360, ni kama lita 173 kwa sekunde.

Mvua ni ileile, wingu ni lilelile, ila jirani wa chini anapokea zaidi ya mara tatu. Hizo lita 120 za ziada ni zenu. Mmezitengeneza nyinyi kwa kukata ploti, si mnunuzi na si Mungu.

Sasa uzihifadhi. Mvua hiyo ikidumu nusu saa, lita 120 mara sekunde 1,800 ni mita za ujazo 216. Ploti yako moja ni mita za mraba 300. Ichimbe ishuke sentimita 75 kwa wastani, ina nafasi ya 225. Yaani PLOTI MOJA ya chini kabisa kati ya 30, iachwe bila kuuzwa, iwe kiwanja cha nyasi kilichodidimia, chenye bomba dogo la kutolea upande wa bonde. Maji yanaingia kwa kasi, yanatoka taratibu, kesho yake watoto wanacheza mpira.

Mhandisi atakayefanya hesabu kamili atabadilisha tarakimu, huenda ataongeza. Lakini ukubwa wa jambo ni huo: ploti moja au mbili, si robo ya shamba.

#5 dalali_mwaminifu

Engineer naheshimu hesabu zako, ila tuseme ukweli. Ploti moja ni pesa. Warithi ni wengi, kila mmoja anangoja chake, nani atakubali cha marehemu kigeuke dimbwi? Na njia ukizipanua mita sita zinakula ploti nyingine mbili tatu. Mteja anataka ploti rahisi, hataki bwawa. Tungekata hivyo mji huu usingejengwa.

#6 pweza_wa_mchana

Na ulivyojengwa ndiyo tunauona.

#7 LevoYaMpira

Dalali, nakuelewa, wewe unalipwa kwa ploti. Lakini nimwambie Mjukuu jambo moja: ploti yenyewe ya kuiacha ni ile ambayo ukiiuza utauza kwa kudanganya. Ile ya kinamo iliyoko chini kabisa, aliyokuwa akilima mpunga bibi. Mpunga hauoti pale kwa bahati. Mnunuzi atainunua kiangazi, Januari, kukavu, kuna vumbi, na Aprili atakuja kuwatafuta.

Watu wanajaza kifusi, najua. Kifusi kinanyanyua nyumba yako na kuyasukuma maji kwa mwengine. Mji wote wa Ng'ambo, ule wa nje ya Mji Mkongwe, uliokwenda mabondeni ni hadithi hiyo, na ndiyo sababu Serikali ilikuja kukopa Benki ya Dunia kwa mradi wa ZUSP, wa huduma za miji Zanzibar, ulioidhinishwa 2011, sehemu kubwa ikaenda kwenye mitaro mikubwa ya kuyatoa maji yaliyotuama katikati ya watu. Kupitisha mtaro ndani ya mtaa uliokwishajengwa unalipa fidia, unavunja, unazunguka. Shambani unapitisha kwa kamba na vigingi.

#8 mchimba_karo

Naomba na mimi niseme kwa upande wangu, maana nyote mmekwenda kwenye mvua.

Sisi tunaitwa tukachimbe. Mwenye nyumba anataka shimo la futi kumi, tofali za kuzunguka, chini wazi, mfuniko wa zege, basi. Anaita karo la septiki. Si septiki hiyo, ni shimo. Mahali penye kinongo linanyonya miaka, anasema fundi hodari. Mahali penye kinamo halinyonyi kitu. Masika maji ya ardhini yanapanda, shimo linajaa kutokea CHINI kabla hajaenda mtu chooni. Nimewahi kufungua karo jipya kabisa, halijatumika, lina maji futi nne safi ya mvua.

Na kule maweni, kusini na mashariki, ni kinyume. Jiwe la matumbawe lina mianya. Unamwaga ndoo, inapotea. Mwenye nyumba anafurahi karo halijai. Halijai kwa sababu linakwenda kisimani kwa jirani.

Septiki ya kweli ina sakafu, kuta zimepigwa plasta ndani na nje, vyumba viwili. Cha kwanza thuluthi mbili, cha pili thuluthi moja, na bomba la T kuingilia na kutokea ili lile povu la juu lisipite. Kwa nyumba ya watu sita fanya lita 3,000 usipungue. Baada ya hapo ndiyo yaende kwenye shimo la kunyonyea, nalo liwe ndani ya udongo unaonyonya. Tope la chini likifika thuluthi ita gari la kunyonya, usingoje liteme.

Na hapo nakuja kwa njia za mita tatu za huyo ndugu dalali: gari la kunyonya haliingii. Likiingia halitoki. Mpira wao nao una mwisho, hauwezi kupita nyumba nne.

#9 Mjukuu_wa_Eka

Allah awalipe kheri. Mchimba karo, nitajuaje udongo unanyonya kabla sijachimba yote hayo?

#10 mchimba_karo

Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30, kina kama cha shimo lenyewe la kunyonyea litakapoanza. Kwaruza kuta zisiwe laini za jembe. Jaza maji jioni, yaache yalale, udongo ushibe. Asubuhi jaza tena, simamisha kijiti chenye alama, hesabu dakika maji yakishuka inchi moja. Dakika tano, kumi, ishirini, mambo mazuri. Ikizidi saa nzima hapo sahau shimo. Ikishuka chini ya dakika moja pia usifurahi, hayo hayachujwi, yanapita tu.

Fanya sehemu nne tano za eka, juu na chini, na fanya sasa hivi masika. Kipimo cha kiangazi ni uongo mtupu.

#11 Kiuyu_online

Salamu kutoka Pemba. Huku kwetu vilima na mabonde kila hatua, kwa hiyo mtu akikata ploti mgongoni mwa kilima maji yote yanashuka mpungani. Tatizo letu zaidi ya lenu ni mmomonyoko. Wanaparua majani yote siku ya kwanza, mvua ikija udongo mwekundu wote uko bondeni, mtaro waliochimba umejaa tope kabla nyumba ya kwanza haijaezekwa. Kwa hiyo Mjukuu, usiparue eka nzima. Fungua njia tu, na ploti kila mtu aparue yake siku anayojenga. Minazi muiache mpaka ilazimike kuanguka. Mitaro ya pembeni ya njia ipandeni majani, na kwenye mteremko mkali wekeni ngazi za mawe maji yavunjike nguvu.

Na msichimbe dimbwi lenu la kuhifadhia maji mwanzo halafu mkalitumia kutupia taka za ujenzi. Nimeona.

#12 mama_wa_bondeni

Nauliza jambo la kijinga. Hilo dimbwi la nyasi, mbu je? Sisi huku malaria tumeipigania.

#13 LevoYaMpira

Si la kijinga hata kidogo Mama, ni swali la kwanza atakalouliza sheha. Kiwanja hicho kinatakiwa kikauke ndani ya siku moja, mbili kwa wingi. Kiluwiluwi cha mbu kinahitaji kama wiki kutoka yai mpaka kuruka. Sakafu yake iwe na mteremko kuelekea bomba la kutolea, pasibaki kidimbwi katikati. Na mdomo wa bomba uwe na wavu wa nondo, mtu alifagie kabla ya masika na kabla ya vuli. Bila mtu wa kufagia, kweli kitakuwa kiwanda cha mbu. Kwa hiyo muandike tangu sasa ni nani.

Turudi kwa vyoo, maana Mchimba karo kamaliza nusu ya kazi.

Ploti za juu, kwenye kinongo, kila mtu septiki yake na shimo la kunyonyea, mradi kipimo kikubali na chini ya shimo mpaka maji ya ardhini pabaki angalau mita moja na nusu MASIKA. Ploti za kinamo hakuna namna. Hizo mziunganishe kwa bomba moja.

Tuseme nyumba 12 za chini, watu sita kila moja, lita 100 kwa mtu, na asilimia 80 inarudi kuwa maji machafu. Ni lita 5,760 kwa siku, haijafika hata mita sita za ujazo. Hiyo ni tangi la pamoja lenye vyumba kadhaa, maji yanapanda na kushuka ndani yake, halafu kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Halihitaji umeme wala pampu. Fumba kwenye miji mipya wanasafisha yao hukohuko na kumwagilia bustani, ila wale wana mitambo na kampuni ya kuiendesha. Nyinyi msijibebeshe mashine itakayozimwa siku ZECO, shirika la umeme, wakikata.

Bomba la nyumba inchi 4, kila mita nne lishuke sentimita kumi. Bomba la njiani inchi 6, kila mita kumi lishuke sentimita kumi. Chemba kila kona, na hata kama hakuna kona isizidi mita 50. Mteremko ukiwa mdogo kinyesi kinabaki njiani, maji yanakwenda peke yake. Nimeona fundi anapima mteremko kwa jicho, bomba la mita 30 tumbo katikati, limeziba kabla mwenye nyumba hajahamia. Mpira mweupe wa levo ni bei rahisi: jaza maji, toa mapovu yote, ncha moja hapa, ncha moja kule, maji hayasemi uongo. Na pima kabla ya kufukia, umwage ndoo juu, uangalie inatoka chini baada ya muda gani.

Bomba la ZAWA (mamlaka ya maji) la maji ya kunywa lipite upande wa pili wa njia, na juu kuliko la maji machafu. Huduma ya maji ikikatika, ndani ya bomba hakuna msukumo, na tundu dogo linavuta kilicho jirani yake. Kisiwa hiki kimepigwa na kipindupindu mara nyingi tangu miaka ya 1970, na mpango wa Serikali wa kukitokomeza, wa 2018 hadi 2027, hauna maana kama sisi kila mwaka tunafungua mitaa mipya ya namna ileile. Mjini Magharibi ilikuwa na watu 593,678 sensa ya 2012. Ya 2022, watu 893,169. Laki tatu hao wamekwenda kujenga wapi? Kwenye eka kama ya kwenu.

#14 dalali_mwaminifu

Sawa. Na nani atalipa hilo tangi? Mimi nauliza kibiashara, sigombani.

#15 LevoYaMpira

Swali zuri. Anayeuza. Anaingiza ndani ya bei, na anaonyesha. Mteja mwenye akili ukimpeleka akaona chemba, mtaro una mawe, njia ya mita sita, hata yeye anajua hatonunua karo linalofurika. Ukimwachia kila mnunuzi "ajipange", wa kwanza atajipanga, wa tano hatajipanga, na wa tano ndiye yuko juu.

Kuhusu warithi: msigawane ploti kwanza. Gawaneni pesa. Mkishagawana ploti, yule aliyeangukiwa na ploti ya chini hatokubali iwe ya maji, na ana haki. Ikiuzwa kwa pamoja, hasara ya ploti moja inabebwa na wote.

#16 pweza_wa_mchana

Hii ya kugawana pesa kwanza andika kwa herufi kubwa, imevunja familia nyingi kuliko mafuriko.

#17 Mjukuu_wa_Eka

Nimerudi. Jana nilikwenda na binamu yangu tukachimba vishimo vitano kama alivyosema Mchimba karo. Juu vitatu vyote maji yameshuka vizuri. Kile cha katikati, karibu na mwembe mkubwa, kimechukua dakika arubaini na kitu. Cha chini tumekijaza jioni, asubuhi tumekikuta kimejaa ZAIDI ya tulivyokiacha, na haikunyesha.

Ami yangu mkubwa alisimama anaangalia. Alikuwa hataki kusikia habari ya kuacha ploti. Kaniambia "hapo palikuwa na kisima cha ng'ombe, tulikifukia sisi." Miaka yote hii hakuna aliyenambia! Ndiyo namba 17 na 18 za mchoro wa dalali.

#18 mchimba_karo

Hapo usichimbe karo wala usijenge.

#19 LevoYaMpira

Basi kiwanja chenu cha maji mmeshakipata, Ami kawaonyesha. Ila tahadhari moja: kama maji ya ardhini yako juu hivyo, msididimishe sentimita 75, mtakutana nayo na kiwanja hakitakauka kamwe. Chukueni zote mbili, 17 na 18, mshushe sentimita 40 kwa wastani. Mita za mraba 600 mara 0.4 ni 240, bado inatosha. Na tangi la pamoja la vyoo lisikae hapo, lisogee pembeni, lipigwe plasta vizuri. Kitanda cha matete kiwe na kuta na sakafu isiyovuja, maji yakishasafishwa ndiyo yashuke.

Mchoro wa daftari uchaneni. Tafuteni mpima ardhi mwenye leseni achukue miinuko ya eka nzima, na kutoka mwisho wa chini wa eka yenu hadi mtaro au mto wa karibu, maana bomba la kutolea lazima liwe na pa kwenda. Hapo ndipo wengi wanakwama: wamefanya kila kitu ndani ya eka yao, halafu maji yanatokea kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba la chini mmeshazungumza naye?

#20 Mjukuu_wa_Eka

Bado. Ni mama mmoja mtu mzima, bado analima mpunga. Nakwenda kesho baada ya alasiri na Ami, na tunamchukua sheha awepo.

#21 mama_wa_bondeni

Mwambie na lita ngapi. Mwambie hamsini kwa sekunde leo, na hamsini hata mkishajenga. Aandikiwe.